Bega limevunjika na hakuna aliyepasua: barua zenu na majibu

Toleo lililopita tuligusia habari ya wazee wanaoanguka na kuvunjika bega, aya moja tu tena kule mwisho mwisho, na tangu hapo simu haijapumua. Wengi walioandika ni wenyewe waliovunjika, wengine ni watoto wao, na mmoja ni jirani ambaye nadhani alitaka tu mtu wa kumsaidia kushinda ubishi wa ploti. Nimechagua chache, nimezifupisha, majina nimeyatoa. Halafu jamani, mimi si daktari. Mimi ni mtu wa fizio, kazi yangu ni kuhangaika na mabega baada ya daktari kumaliza yake, kwa hivyo ukiniuliza mambo ya oparesheni nitakwambia yanayojulikana lakini mwenye kuamua ni yule aliyeshika eksirei yako mkononi.

"Mimi ni mama wa miaka 68, nakaa Umoja. Nilikuwa nashuka mat hapo steji, konda ananiambia tanguliza mguu wa kushoto mathe, na gari bado inasonga, nikaenda chini na hii mkono ya kulia. Eksirei ikaonyesha mfupa umevunjika huku juu karibu na bega, vipande vitatu. Nikapewa slingi ya kuning'iniza mkono shingoni na dawa ya maumivu nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili, basi. Hakuna plasta, hakuna oparesheni. Watoto wangu wamekasirika, wanasema nimefukuzwa juu ni mzee na sina pesa, tayari wamefungua grupu ya WhatsApp ya kuchanga. Kweli nimetupwa?"
Mama, Umoja

Hujatupwa mama, na pole sana, hao makonda na mguu wao wa kushoto wametuletea wagonjwa wengi.

Hiyo mivunjiko ya karibu na bega ni ya kawaida sana kwa watu wa umri wako, ukitoa nyonga na kifundo cha mkono ndiyo inayofuata, na kina mama ndio wanaumia zaidi kuliko wazee wa kiume. Na wengi wao hupona na slingi tu. Kuhusu plasta, watu huniuliza kila siku: plasta hushika mfupa kwa kufunga kiungo cha juu yake na cha chini yake, sasa juu ya bega utafunga nini, shingo? Kinachofanya kazi hapo ni uzito wa mkono wenyewe. Ukiwa umekaa wima ama umesimama, mkono unaning'inia na kuuvuta mfupa taratibu urudi kwenye mstari, ndiyo maana usikubali mtu akukazie slingi mpaka kiwiko kinasukumwa kwenda juu.

Hao watoto wako wameshtuliwa na "vipande vitatu", na hata mimi ningeshtuka kama sijui hesabu hiyo inatoka wapi. Kuna daktari Mmarekani, Charles Neer, ambaye mwaka 1970 aliweka utaratibu wa kuhesabu hii mivunjiko, na kwake kipande hakihesabiwi mpaka kiwe kimesogea zaidi ya sentimita 1 ama kimepinda zaidi ya digrii 45. Kwa hivyo namba inamwambia daktari mfupa umekaaje, haimaanishi tatu ni lazima tiata.

Sasa hii ya kusema slingi ni dawa ya maskini. Uingereza, ambako hospitali za serikali hazimtozi mgonjwa, walifanya utafiti mmoja mkubwa unaitwa PROFHER na matokeo yakatoka 2015. Wagonjwa 250, wastani wa umri wao miaka 66, wote wamevunjika hapo hapo na mfupa umesogea, wakagawanywa kwa bahati nasibu, hawa oparesheni, hawa slingi. Wakafuatwa miaka 2, wanaulizwa unaumwa vipi, unaweza kujivalisha, unaweza kubeba shopping, unaweza kuchana nywele. Hakukuwa na tofauti ya maana. Wakafuatwa mpaka miaka 5, hali ni ile ile. Hakuna kati yao aliyepewa slingi kwa kukosa pesa.

Kuna ambao lazima wapasuliwe na hapo usibishane: kichwa cha mfupa kimetoka kabisa kwenye kikombe chake cha begani pamoja na kuvunjika, ama kimepasuka katikati, mfupa umetoboa ngozi, mshipa wa damu umeumia, ama vipande vimeachana hadi havigusani. Wale ambao ilikuwa wazi kwamba lazima wapasuliwe waliachwa nje ya utafiti ule. Kwa hivyo ukirudi kliniki usikae kimya ukisubiri kuandikiwa dawa, muulize daktari kama mfupa umesogea tena tangu eksirei ya kwanza, kama kichwa chake kiko ndani ya kikombe, na swali muhimu kuliko yote, naanza kusogeza lini. Halafu mwambie ukiguswa hapa pembeni ya bega, kwenye msuli wa juu, kama unahisi vizuri ama kuna ganzi, juu kuna neva inapita hapo na wakati mwingine huvutika mtu akianguka. Mara nyingi inarudi yenyewe, lakini ijulikane.

Na hiyo grupu msiifunge. Pesa ikiingia iwe ya teksi ya kwenda kliniki na ya fizio, huko ndiko itatumika zaidi kuliko mnavyodhani. Kama michango yako ya SHA, bima ya afya ya serikali, iko sawa, ulizia kabla ya kulipa kutoka mfukoni, tangu ichukue nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024 bado nakutana na watu wamebaki na kadi ya zamani wakifikiri wako ndani.

"Nilivunjika bega siku sita zilizopita. Leo nimeamka mkono wote mweusi mpaka kiwiko na titi la upande huo limekuwa kijani na njano. Sijagongwa huko. Ni damu imeharibika?"
Msomaji, Kawangware

Ni damu iliyotoka kwenye mfupa ikashuka chini. Mfupa ukivunjika unavuja, damu inatafuta pa kwenda, na kwa kuwa unakaa wima muda mwingi inateremka kwenye mkono na kifua, siku kadhaa baadaye. Nimeona imefika hadi kwenye vidole. Inatisha kwa macho lakini itaisha yenyewe kwa wiki chache, usipake chochote na usiruhusu mtu aikande. Ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda itakuwa nyeusi zaidi, mwambie daktari wako. Kinachotakiwa kukukimbiza hospitali ni kingine: vidole vimekuwa baridi na vyeupe, ganzi inayopanda, maumivu yanayozidi siku baada ya siku badala ya kupungua, ama homa. Halafu kama una pete mkono huo, toa leo. Usingoje kesho vidole vikifura, sabuni kwanza, ikikataa nenda kwa sonara aikate, pete inatengenezwa tena.

"Baba yangu ana 74, tuko Dagoretti. Alianguka bafuni, sasa ni kama miezi miwili na nusu. Daktari alisema slingi wiki tatu halafu aanze mazoezi, lakini mama alikataa kabisa, kila mzee akilia kidogo anamfunga tena na leso juu ya slingi. Eksirei ya juzi inasema mfupa umeunga vizuri sana. Lakini mkono umekuwa kama ubao, haifiki hata kifuani, hawezi kujikuna kichwa wala kuvaa shati. Nani ako na makosa na tufanye nini?"
Kijana wa mzee, Dagoretti

Makosa tuyaache, ndoa ya miaka hiyo yote siiingilii. Na mama amefanya alichoona ni huruma, ukimwona mtu unayempenda anakunja uso ukimgusa unataka kumfunga asisogee. Shida ni kwamba mfupa hupenda kutulia na kiungo hupenda kusogezwa, na bega ni vyote viwili mahali pamoja. Ukiufunga mkono miezi miwili mfupa unakushukuru lakini ule mfuko unaozunguka kiungo unajikunja, unashikana, na sasa hata mfupa ukiwa mzima mkono haupandi. Hii ndiyo naiona zaidi kwenye meza yangu kuliko mfupa kukataa kuunga, hata haikaribiani. Uingereza tena, utafiti wa 2003, watu waliovunjika bila mfupa kusogea sana wakianza fizio ndani ya wiki ya kwanza walikuwa na maumivu kidogo na mkono unaofanya kazi mapema kuliko waliongoja wiki tatu. Wiki tatu tu hizo. Baba yako amekaa kumi na kitu.

Lakini hajapotea. Kwa sababu mfupa umeunga sasa hakuna cha kuogopa kitakachovunjika akisogeza, na hili mwambieni mama mbele ya eksirei, aone kwa macho yake.

Anza hivi. Mpe mzee dawa yake ya maumivu nusu saa kabla, weka taulo la maji ya vuguvugu begani dakika kumi. Kisha asimame kando ya meza, mkono mzima, ule usioumia, ushike meza, ainame kutoka kiunoni mpaka ule mkono mwingine uning'inie wima kuelekea sakafuni. Hapo asiuinue. Watu wengi hukosea hapa, wanauzungusha kwa nguvu ya bega, na wenye bega bovu ndio hawana hiyo nguvu. Ayumbishe kiuno na magoti, mbele na nyuma, mwili ndio unaenda na mkono unafuata wenyewe, halafu kushoto na kulia, halafu duara ndogo, unaona kiganja kimelegea na vidole vinaelekea chini, ukiona amekunja ngumi ujue anaushikilia, mwambie auachie. Dakika mbili tatu, mara nne kwa siku. Sisi huita zoezi la Codman, jina la daktari mmoja wa Boston aliyelieneza miaka ya 1930, na hadi leo hakuna aliyetuletea la kuanzia lililo bora kuliko hilo.

Baada ya hapo aketi mezani, aweke kitambaa chini ya viganja vyote viwili na asukume mbele akipangusa meza, kifua kikifuata, arudi. Hiyo wazee huipenda kwa sababu haionekani ni mazoezi. Akishazoea, alale chali kitandani ashike mti wa fagio kwa mikono yote miwili na mkono mzima uupandishe ule mwingine kuelekea kichwani, ukifika pale panapokaza ahesabu hadi kumi, asilazimishe kwa kishindo. Huo huo mti, kiwiko kimegusa mbavu, ausukume mkono mgonjwa kwenda nje. Hii ya kwenda nje ndiyo inayorudi kwa shida zaidi na ndiyo inayomrudishia mtu kuvaa shati, kwa hivyo msiiruke hata kama ni ya kuchosha. Mwisho vidole vitembee kupanda ukutani, na hapo nawashauri mchore alama na kalamu kila Jumapili pale kidole kilipofika, nimeona wazee waliogoma kabisa wakianza kushindana na alama ya wiki iliyopita.

Maumivu yatakuwepo. Kipimo changu ni hiki: yakitulia ndani ya saa moja hivi na usiku alale, mnaendelea. Yakilala naye hadi asubuhi mmezidisha, kesho punguzeni nusu lakini msiache. Na mama apewe kazi ya kuhesabu. Sitanii, mpeni hiyo kazi rasmi, mtu akiwa na jukumu anaacha kushika leso.

Mleteni kwa fizio angalau mara moja kwa wiki mwanzoni, na kama ana sukari semeni mapema maana mabega ya wenye sukari hukaza zaidi na huchukua muda. Mabadiliko yanaendelea hadi mwaka na hata kupita, usiupime mkono wa mzee kwa wiki.

Kuna barua nyingi ambazo hazikuuliza chochote, zilikuja kusimulia tu, na humo ndimo nimepata mambo ambayo kwenye kliniki hatuna muda wa kuwaambia watu. Fundi viatu wa Kariobangi anasema mwezi mzima alilala kwenye kochi nusu ameketi, mito miwili mgongoni na mmoja mdogo nyuma ya kiwiko ili usiku mkono usianguke nyuma, na alipojaribu kurudi kitandani kulala bapa alilia usiku ule kuliko siku aliyoanguka. Yuko sahihi kabisa, ule mto wa nyuma ya kiwiko ndio siri.

Mama mmoja wa Eastleigh yeye shida ilikuwa dera, huwezi kulivaa bila kuinua mikono. Binti yake akampelekea fundi Gikomba akafumua mshono wa begani upande ule na kuweka vifungo vinne, na sasa anasema shangazi zake wazima kabisa wanataka ya vifungo pia. Kwa nguo za kawaida kumbukeni mkono mgonjwa huingia wa kwanza na hutoka wa mwisho. Kwa wale wa sidiria, achaneni nayo wiki za mwanzo, hakuna atakayekufa.

Kwapa. Watu huona haya kuuliza na halafu wanakuja na vipele na harufu. Inama kama vile nilivyoeleza kwa mzee wa Dagoretti, mkono uning'inie, nafasi inafunguka yenyewe, pitisha kitambaa chenye sabuni, suuza, kausha vizuri, weka kipande cha pamba kavu. Hii unaweza tangu siku za mwanzo kabisa. Na tangu siku ya kwanza fungua na kufunga ngumi, zungusha kifundo, toa mkono kwenye slingi unyooshe kiwiko, mara nyingi kwa siku, slingi ni ya bega, kiwiko na vidole havijavunjika.

Mwalimu mstaafu wa Buruburu ameandika kurasa mbili kuhusu dawa, na nakubaliana naye nusu. Alipewa tramadoli, ikampa kizunguzungu na akafunga choo, karibu aanguke tena akienda msalani usiku. Hiyo hutokea sana kwa wazee, kama mmepewa mwambieni daktari na msiinuke haraka. Lakini suluhisho lake la kununua diklofenaki dukani kila siku, hapana mwalimu. Ukiwa na presha, figo ama vidonda vya tumbo, hizo dawa za aina ya diklofenaki na Brufen zinaweza kukupeleka wodi nyingine kabisa. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kwa wakati, visizidi nane kwa saa 24, na chini ya hapo kama una mwili mdogo ama shida ya ini, ukiinywa kwa saa zake badala ya kungoja uumie huwa inatosha watu wengi baada ya siku za kwanza kali.

"Mama mkwe anataka arudishwe ushago akakandwe na mzee fulani wa mifupa, anasema alimtibu kaka yake mguu. Ana wiki mbili tu tangu avunjike. Nikimkataza itaonekana namnyima."
Mke wa mtoto wake, Githurai

Usimkataze wewe, acha mtoto wake amkatalie, hiyo ni kazi yake. Wala sitawatukana wazee wa mifupa, wengine wana mikono mizuri na wanajua kumsikiliza mgonjwa kuliko sisi tulio na foleni ya watu hamsini. Ila wiki mbili baada ya kuvunjika hivyo vipande bado viko huru, vinashikwa na ute laini tu, na mtu akikandamiza na kuvuta anaweza kuvisogeza pale ambapo vilikuwa vimekaa sawa. Hapo ndipo mgonjwa wa slingi anageuzwa mgonjwa wa tiata. Kwapani pia panapita mishipa mikubwa ya damu na neva zote za mkono. Mwambieni mama mkwe angoje mfupa uunge, eksirei iseme hivyo, akipita miezi mitatu na anataka mafuta yake ya kuchuliwa misuli ya shingo na mgongo, ambayo kwa kweli hukaza sana kwa kubeba slingi, achuliwe. Wakati huu anaweza kuchuliwa kiganja na vidole, taratibu, na wewe ndiye umchue. Mtaelewana.

"Nilifanyiwa oparesheni mwaka jana, nilibadilishiwa bega lote, ile wanaita ya kugeuza. Nina 71. Sina maumivu kabisa lakini mkono unafika usawa wa macho na kidogo juu, na nyuma sifiki, siwezi kufunga kitu mgongoni. Hospitali fulani niliambiwa nitakuwa kama zamani. Nilidanganywa?"
Mama, South C

Aliyekwambia kama zamani aliongeza chumvi. Hiyo ya kugeuza ilibuniwa na Mfaransa Paul Grammont miaka ya 1980, mpira unawekwa pale palipokuwa na kikombe na kikombe kinawekwa pale palipokuwa na mpira, ili msuli mkubwa wa juu ya bega ufanye kazi hata kama kano za ndani zimekufa. Kwa mtu wa miaka sabini ambaye kichwa cha mfupa kimesagika ni oparesheni nzuri na kulala bila maumivu si kitu kidogo. Lakini ilivyoundwa inainua mkono mbele vizuri, kuupeleka nyuma ya mgongo ndiko inakosea watu wengi. Na hata waliopona na slingi, wengi hubaki na upungufu, hawafiki juu kabisa wala nyuma kabisa.

Mimi nikikutana na mgonjwa huwa siulizi digrii ngapi, namuuliza unashindwa na nini nyumbani. Wewe umesema kufunga kitu mgongoni, funga mbele uzungushe. Kilemba utafunga ukiwa umeketi, viwiko vimeegemea meza kubwa, kichwa ndicho kinashuka kwenye mikono. Vikombe shusha kutoka kabati la juu. Kama mwaka umepita na hujawahi kufanya mazoezi ya nguvu, ya mpira wa kuvuta, bado unaweza kuongeza, mwone mtu wa fizio. Ila usiutegemee mkono huo kujisukuma kutoka kwenye kiti ukiupeleka nyuma, bega la aina hiyo linaweza kuchomoka hapo, hili hata kama umeshaambiwa nalirudia. Na bega lililobadilishwa likianza kuuma ghafla baada ya kukaa kimya, ama kidonda kitoe maji, siku hiyo hiyo hospitali.

"Nimepona bega, asante Mungu. Dada yangu naye alianza na mkono akamaliza na nyonga. Mimi nafuata?"
Msomaji wa miaka 70, Kangemi

Swali hili ndilo nilitamani kila mtu aulize na ni wewe peke yako uliyeuliza. Mtu akianguka kutoka kimo chake tu, si kutoka ghorofani, na mfupa ukavunjika, tunashuku mifupa imepungua uzito, na ndiyo, uwezekano wa kuvunjika tena unapanda. Slingi ikitolewa watu husherehekea na hakuna anayeshughulikia mifupa yenyewe. Rudi kwa daktari umwambie hivyo hivyo. Kuna kipimo cha uzito wa mifupa kinaitwa DEXA, kinapatikana hapa Nairobi, lakini kwa umri wako na umeshavunjika anaweza kuamua kukuanzishia dawa hata bila hicho. Inayotumika sana ni alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, glasi nzima ya maji, halafu unakaa wima nusu saa bila kula na bila kurudi kulala, la sivyo inachoma koo. Wenye figo mbovu haiwafai wote. Kama umekula prednisoloni miaka kwa sababu ya pumu ama viungo sema, hiyo hula mifupa.

Chakula mnacho: maziwa, omena na mifupa yake, sukuma wiki. Spinachi ina kalsiamu kwa karatasi tu, mwili hauitoi vizuri. Mayai, ndengu, maharagwe, wazee wanaokunywa chai na mkate mchana na usiku mifupa inajengwa na nini? Jua pia, hasa wale ambao hawatoki nje ya nyumba. Na kuanguka kwenyewe: taa ya korido ya ploti, zulia linalokunjika mlangoni, mtoto wa jicho ambaye umekuwa ukimuahirisha, dawa ya presha inayokupa kizunguzungu ukisimama. Dada yako apelekwe pia.

"Niko na kibanda cha mboga. Slingi imetoka wiki iliyopita, wiki ya saba. Naweza kurudi Marikiti kubeba?"
Mama mboga, Kangundo Road

Kuuza, rudi hata kesho. Kukatakata sukuma ni mazoezi mazuri, kiwiko kikae karibu na mwili. Kikombe cha chai, sahani, mfuko wa mkate, sawa. Kreti ya nyanya hapana, wala gunia, wala kushikilia chuma cha mat kwa mkono huo wakati inakimbia, mazoezi ya uzito tunayaanza karibu wiki ya 12 na tunaanza na chupa ya maji ya nusu lita. Mpaka nione unaipandisha hiyo chupa juu ya kichwa bila kukunja uso, kreti inabebwa na kijana wa mkokoteni, na bei akipandisha kidogo, lipa.